Mzee wa funguo Gerezani: nimepata funguo ya milango ya Hilux ya zamani bila kununua kitasa kipya

Nimekaa wiki tatu kabla ya kuandika hii maana nilitaka kwanza niitumie hiyo funguo jua na mvua ndo niseme kitu. Sasa nimeitumia kila siku na naandika kwa moyo wote, kama una gari la zamani na funguo ya mlango inakusumbua soma mpaka mwisho, mimi nilipoteza hela na betri juu kabla sijamjua huyu mzee.

Gari lenyewe ni Hilux double cabin ya 1994, injini ya 3L, ya marehemu baba. Ndo inayonilisha mpaka leo, nabebea matenga ya nyanya na hoho kupeleka Temeke Stereo. Mwaka 2011 swichi ya kuwashia ilikufa, baba akaenda Shauri Moyo pale Ilala akachukua swichi ya mtumba ikaja na funguo yake, kwa hiyo toka hapo gari likawa na funguo mbili, moja ya kuwashia, nyingine ya milango. Ile ya milango ndo orijino iliyokuja na gari, na ilikuwa moja tu, imetumika miaka 30 imelika mpaka meno yamelainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Mpaka uibembeleze yaani, uingize yote kisha uivute nje kidogo, unyanyue mlango kwa goti, ndo inazunguka. Baba alikuwa anaiweza kwa sekunde moja, mimi nilikuwa nasimama pale mpaka watu wananiangalia kama naiba gari.

Nikaona bora nichonge ya akiba mapema. Nikaenda duka moja hapa mjini, jina naliacha, duka zuri lina AC na mashine ya umeme inang'aa. Kijana akabana funguo yangu upande mmoja, blanki, yaani funguo isiyochongwa meno bado, upande wa pili, vuuuu, dakika mbili tayari, elfu 15. Nafika kwenye gari haizunguki kabisa. Nikarudi akachonga nyingine, akaisugua na brashi ya waya, nayo elfu 15, haizunguki. Mara ya tatu akaniambia dada kitasa chako kimekufa, nunua seti nzima ya vitasa, laki na themanini, na hela ya zile mbili hairudi kwa sababu kazi imefanyika. Hakutoka hata nje kuliangalia gari! Hilo ndo liliniuma kuliko hela yenyewe.

Nikaendelea na ile ile ya zamani, na mwezi wa tatu asubuhi pale sokoni nikazungusha mlango wa dereva ikakatikia ndani. Kichwa nimebaki nacho mkononi, ulimi wote umebaki kwenye kitasa. Kuanzia siku hiyo gari likawa linalala wazi. Na mwenye Hilux ya aina hii anajua, boneti inafunguliwa kwa kile kishikio cha ndani chini ya dashibodi, kwa hiyo mlango ukiwa wazi na betri nayo iko wazi. Usiku wa nne wakaondoka na betri na jeki. Niliamka saa kumi niwahi mzigo, nawasha kimya, nafungua boneti naona waya mbili zinaning'inia. Nililia pale pale nje, sioni aibu kusema.

Fundi umeme aliyenifungia betri mpya ndo aliyenielekeza kwa huyu mzee. Akasema dada usinunue kitasa, nenda Gerezani, kuna mzee anakaa na vitasa vya magari toka enzi za Datsun, huyo hachongi kwa kukopi, huyo anakisoma kitasa. Sikuelewa maana yake lakini nikaenda.

Ukishuka kituo cha mwendokasi Gerezani unaingia upande wa wauza spea, ni kutembea dakika chache tu, uliza mafundi wa vitasa vya gari utaonyeshwa. Usitegemee duka. Ni kibanda cha bati na mwavuli, meza moja imefungwa jiliwa, mashine ya kukopia ya zamani, blanki zimetundikwa kwenye misumari kwa mistari, na chini ndoo mbili za plastiki zimejaa vitasa vibovu vya kila gari. Parking ni mtihani, mimi nilizunguka mara tatu ndo nikapata nafasi, na ushuru wa kuegesha unalipa mwenyewe.

Nikamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, nikamweleza yote. Kitu cha kwanza hakugusa hata bisibisi, akaniambia naomba kadi ya gari na kitambulisho. Kiukweli nilikereka, jua kali, nimeacha biashara, halafu kadi yenyewe ina jina la baba. Akachukua NIDA yangu akalinganisha majina mawili ya mwisho na ya kwenye kadi, hakuridhika, akainama kabisa na tochi ya simu akasoma namba iliyogongwa kwenye chesisi akalinganisha na ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu. Ndo akanyooka akasema pole kwa baba, mimi nikimchongea funguo mtu asiye na kadi basi ni mimi niliyeiba hilo gari. Hasira zote ziliisha. Nikakumbuka lile duka la AC hawakuniuliza hata jina, ningeweza kuwa nimeokota hiyo funguo popote. Kama kuna sehemu moja tu ya kumpa huyu mzee nyota zote ni hapo.

Sasa kazi. Kwanza kutoa kile kipande kilichobaki ndani. Nilidhani atagongagonga. Akaangalia kwanza lile tundu limekaaje, likawa limepinda kidogo kwa sababu funguo ilikatika wakati nazungusha, akalirudisha polepole na bisibisi nyembamba mpaka likakaa vile linavyokaa unapoingiza funguo. Akasema likiwa limepinda hata kidogo vile vya ndani vinang'ang'ania, ukivuta kwa nguvu unaharibu kitasa. Halafu akatoa kijiti alichokitengeneza kwa blade ya msumeno wa chuma, amekinoa chembamba ncha yake ina kandoano, akakipitisha pembeni mwa funguo, akakizungusha kidogo kikauma kwenye jino, akavuta. Kikatoka kipande nusu, akaingiza tena, kikaja chote. Akakiweka juu ya meza kwenye karatasi ya gazeti, hakukitupa.

Nikampa na zile mbili za dukani. Akaziweka juu ya kile kipande, akanionyesha kwa ukucha. Akasema huyu kijana hana kosa la mashine, mashine imefanya inavyojua, imekopi funguo iliyolika, kwa hiyo umepewa funguo mpya iliyozeeka tayari. Na ukikopi kitu kilicholika ikazidi kupungua hata unene wa karatasi moja, kile ulichokuwa unakibembeleza kwa mkono sasa hakibembelezeki tena. Kwa hiyo hata zingechongwa 10 kwa ile funguo, zote zingekataa. Yaani ningejua hili mapema.

Akasema hatuanzi na mlango wa dereva, tunaanza na wa abiria. Kwa nini? Kwa sababu kitasa cha abiria hakitumiki, watu wote wanafungua upande wa dereva halafu wanaingiza mkono kumfungulia mwenzao kwa ndani. Kwa hiyo cha abiria bado kina sura yake ya kiwandani. Na kwenye Toyota nyingi za zamani kitasa hicho kina namba imegongwa kwenye mwili wake, ukiipata namba na mtu ana majedwali yake anaweza kuchonga funguo kama ilivyotoka kiwandani bila kuona funguo yoyote.

Kufungua mlango ndo nilipenda kuangalia. Ule mkono wa kupandishia kioo una klipu ndogo ya waya nyuma yake, mafundi wengi wanaichokoa na bisibisi wanakwaruza plastiki yote. Yeye akachukua kitambaa akakipitisha nyuma ya mkono akawa anakivuta huku na huku kama anang'arisha kiatu, klipu ikaruka, akaidaka! Kadibodi ikatoka nzima, nailoni la kuzuia maji akalibandua taratibu bila kulichana, akaingiza koleo akachomoa ile klipu ya bati inayoshika kitasa, akatenganisha kifimbo, kitasa kikatoka mkononi. Akakiosha na petroli na mswaki. Namba ikaonekana, lakini za mwisho zimeliwa na kutu. Nikajua basi tena.

Akasema haina shida, tutamuuliza mwenyewe.

Akatoa ile silinda ya ndani. Ni kitu kidogo, hakizidi kidole cha mtoto, kimepasuliwa mistari mistari na kwenye kila mstari kuna kibati chembamba cha shaba chenye tundu katikati na springi nyembamba kama unywele. Vile vibati bila funguo vinatokeza nje na ndo vinavyozuia kisizunguke. Ukiingiza funguo sahihi kila jino linakivuta kibati chake mpaka kinalala sawasawa na mwili wa silinda, vikilala vyote kitasa kinazunguka, kikibaki kimoja tu kimetokeza, hakuna kitu. Hiyo ndo siri yote ya funguo ya gari la zamani, na ndo maana kwenye gari la 1994 kama hili kazi nzima inamalizwa na chuma na tupa, hakuna chipu ndani ya kichwa. Ulaya ndo walianza kulazimisha magari mapya yote yawe na ule mfumo wa kuzuia injini isiwake bila chipu ya funguo mwaka 1998, la kwangu lilishazaliwa.

Akaingiza blanki ya shaba haijaguswa, vibati vyote vikatokeza. Akaibana kwenye jiliwa, akaanza na tupa nyembamba. Tupa mbili, anaingiza, anapitisha kidole gumba juu ya silinda. Tupa moja, anaingiza, kidole gumba. Haangalii kwa macho kabisa, anasikiliza kwa kidole. Ilipofika kibati cha tatu akaniambia lete kidole chako. Nikapitisha, nikahisi vile viwili vya kwanza laini kabisa kama havipo, cha tatu kinakwaruza. Akapiga tupa moja nyepesi, lete tena, kimepotea. Akanieleza kuwa ukizidisha tupa kibati kinazama mpaka kinatokeza upande wa pili, na hapo blanki imekufa unaanza upya, kwa hiyo haraka yote haina faida. Ikabidi awe mpole kwa karibu saa nzima, jasho linamdondoka kwenye meza, simu inaita hapokei. Wateja wa makufuli wakija anawaambia subirini namalizia kwa binti yangu huyu.

Nilimuuliza kama kitasa kisingetoka ingekuwaje, akasema kuna njia ya moshi, unapitisha blanki juu ya mshumaa inakuwa nyeusi, unaiingiza mlangoni unaibana kulia kushoto, ukitoa unaona vidoti vinavyong'aa pale vibati vilipogusa, unapiga tupa pale pale, unarudia mpaka vidoti viishe. Anaifanya kwa magari ambayo mwenyewe kafungia funguo na hataki mlango uguswe. Inachukua muda zaidi na inataka shaba laini maana chuma kigumu hakishiki alama.

Vibati vyote vilipolala akarudisha silinda kwenye kitasa, akazungusha. Kle! Kwa kidole kimoja. Sijui nielezeje ile sauti kwa mtu ambaye hajawahi kupigana na mlango miezi yote hiyo. Ile ya kuchonga kwa mkono akaifanya mama, yaani ya kukopia nyingine, ndo akaiweka kwenye mashine na kukopi mbili kwa blanki ngumu zaidi, meno pande zote mbili ili uingize vyovyote. Mashine ile ile ya kukopi kama ya lile duka, ya kwake ya zamani zaidi, tofauti ni kilichobanwa upande wa kwanza.

Mlango wa dereva ndo ulitaka kutusumbua. Funguo mpya inaingia, inazunguka kwa shida. Akafungua na huo, kumbe ndani kumejaa greisi iliyokauka na vumbi imekuwa kama lami, vibati viwili vimeganda na springi moja imekatika. Akauliza nani alikuwa anaweka oyeli humu, nikasema ni mimi, kila kikikaza naweka oyeli ya injini kidogo. Akanikataza kabisa, akasema oyeli inaita vumbi, kitasa cha gari la kubeba mzigo hakitakiwi kuwa na unyevu. Akachukua penseli ya kawaida, akakwangua ile risasi yake kwa kisu ikawa unga, akaipaka kwenye funguo akaiingiza na kuitoa mara nyingi. Springi akaitoa kwenye kitasa kibovu cha ndoo. Mlango ukakaa sawa. Toka hapo nafanya hivyo vya penseli mwenyewe, hata kitasa cha nyumbani nimekipaka.

Bei alianza elfu 60, tukaelewana 45 kwa kila kitu, yaani kutoa kipande, kufungua milango miwili na kusafisha vitasa vyote, funguo mbili mpya na ile funguo mama ya shaba akanipa pia nikaiweke ndani isitumike. Nilifika saa tatu asubuhi nikaondoka saa nane mchana. Pima mwenyewe na laki na themanini ya seti mpya, ukiongeza elfu 30 niliyoiacha kule.

Mapungufu yapo nayo niseme. Hana risiti, nilikuwa naihitaji kwa hesabu zangu nikaambulia meseji ya M-Pesa tu. Kiti ni kimoja na mwavuli haumtoshi mteja, nenda na kofia na maji. Ukimpigia simu akiwa kazini hapokei kwa hiyo huwezi kupanga muda, unaenda unakuta watu wanne mbele yako. Blanki zake ni zile za kawaida, kichwa chembamba hakina nembo wala plastiki, anayetaka kitu cha kupendeza hatakipata. Na moja ya zile kopi ilikuwa inakwama kidogo mlango wa abiria, nikairudisha siku ya pili, akaiangalia juani akaona vinyuzi vya chuma vimebaki pembeni mwa jino, akapitisha tupa mara moja, hakuchukua hata mia. Alinilaumu kidogo kwamba nilipaswa kujaribu kopi zote mbili kwenye milango yote miwili kabla sijaondoka, na ni kweli, fanya hivyo.

Kama una gari la zamani na funguo bado inazunguka hata kwa shida, usisubiri ikatike, peleka sasa hivi, ila muulize fundi swali moja kabla hajabana chochote: unakopi hii niliyonayo au unasoma kitasa? Akicheka au akishangaa ondoka. Na kama kwenye droo kuna funguo ya akiba ambayo haijawahi kutumika chonga kwa hiyo, siyo kwa ile unayotembea nayo kila siku. Usiache kitasa kwa fundi kilale huko halafu mlango uko wazi, mzee mwenyewe anakataa, anasema kazi ikiingia jioni rudi kesho asubuhi.

Wakati naondoka akaniita, akanipa lile karatasi la gazeti limekunjwa, ndani kuna kile kipande kilichokatika. Akasema weka pamoja na kichwa chake, baba yako kaishika hii kila siku. Mama alipoona akachukua vyote viwili akafunga na uzi mwekundu kwenye kile kishikizo cha funguo cha zamani cha ngozi, viko kabatini kwake.

Yupo Jumatatu mpaka Jumamosi, Ijumaa mchana anaenda msikitini anarudi kama saa nane, Jumapili hayupo. Nenda na kadi ya gari.